Msogeo wa Mabara: Neno Lililopimwa kwa Barafu

Chombo kikizima injini katikati ya bandari ya Kilindini, huchukuliwa na maji. Picha hiyo ndiyo inayomjia mtu wa Likoni akisikia "kuelea kwa mabara", na ndiyo sababu siipendi tafsiri hiyo ya "continental drift". Bara si jahazi lililokatika nanga. Mimi hutumia "msogeo wa mabara", na hoja yangu naitoa kwenye barafu.

Kwetu Kisauni barafu ni ya friji. Wanajiografia wana "barafuto", yaani barafu na mto: barafu nene inayoteremka polepole kwa uzito wake yenyewe. Ikipita hukwangua mwamba, ikaacha mikwaruzo inayofuata njia yake. Ikiyeyuka huacha kifusi. Maji ya mto huchambua, mchanga huku na kokoto kule, lakini barafu haichambui: majabali na unga wa mawe hubaki pamoja. Kifusi hicho kikishikamana huwa tilaiti; mimi ningeiita mwamba-kifusi.

Mwamba huo, wa miaka kama milioni 300, uko Afrika Kusini, ambako huitwa Dwyka, uko Australia, Brazili na India. Mikwaruzo ya India inaonyesha barafu ilitoka kusini, upande wa ikweta. Ile ya Brazili inaonyesha ilipanda nchi kavu kutoka Atlantiki, na barafuto haizaliwi katika bahari ya wazi! Alfred Wegener, Mjerumani aliyetangaza nadharia yake ya msogeo huo mwaka 1912, alijibu: yarudishe mabara hayo pamoja kuizunguka Ncha ya Kusini, na mikwaruzo itapatana.

Walimkataa wengi, kwa kuwa hakuweza kuonyesha nguvu inayoyasukuma mabara. Lakini mikwaruzo haimtaji msukumaji. Inaonyesha tu kwamba mabara hayako yalipokuwa. "Msogeo" nalo halisemi zaidi ya hapo. Miaka ya 1960, ilipobainika kwamba mabara hubebwa na mabamba ya ganda la dunia, neno hilo lilibaki kweli, ilhali "kuelea" lilizidi kupotosha.

Mikwaruzo hiyo usiitafute huku kwetu Changamwe. Mwamba wa pale ni tope la bahari lililogeuka jiwe, lenye visukuku vya amoniti, na umri wake ni kama miaka milioni 150. Bahari hiyo iliingia wakati Madagaska ilipokuwa ikiachana na pwani yetu. Na huko Sakoa, kusini-magharibi mwa kisiwa hicho chenye joto, mwamba-kifusi upo.