Safu ya Diski: Kutoka Diski Moja Kubwa Hadi Nyingi Ndogo

Kwa takriban miaka 30 tangu kampuni ya IBM ilipotoa diski ya kwanza ya kompyuta mwaka 1956, aliyehitaji nafasi kubwa ya kuhifadhi data hakuwa na njia nyingine ila kununua diski kubwa ya bei ghali. Diski hiyo ya kwanza, iliyoundwa San Jose, California, na kikosi kilichoongozwa na Reynold B. Johnson, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, lakini uwezo wake haukuzidi herufi milioni 5.

Fikra ya kutegemea diski moja kubwa ilipingwa na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, katika makala waliyoiwasilisha mjini Chicago mwaka 1988. Walipendekeza RAID, yaani safu ya diski nyingi za bei nafuu, za aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta binafsi, ambazo zingefanya kazi pamoja na kuonekana mbele ya kompyuta kama diski moja. Kasi ingeongezeka, kwa kuwa faili moja ingegawanywa vipande na diski kadhaa zikasomwa kwa wakati mmoja. Tatizo lilikuwa uhai wa safu yenyewe: ikiwa diski moja hutarajiwa kudumu saa 30,000 kabla ya kuharibika, basi katika safu ya diski 100 mojawapo itaharibika kwa wastani kila baada ya saa 300, muda usiofika wiki mbili.

Dawa yake ni hesabu nyepesi iitwayo pariti. Tuseme diski tatu zimehifadhi biti 1, 0 na 0. Diski ya nne huandikiwa 1, ili jumla ya moja zote iwe shufwa. Diski ya kwanza ikifa, zinabaki 0, 0 na 1, na kwa kuwa jumla lazima iwe shufwa, biti iliyopotea haiwezi kuwa nyingine ila 1. Kwa njia hiyo diski nzima hujengwa upya, biti kwa biti, huku watumiaji wakiendelea na kazi zao.

Haki inadai kusemwa kwamba wazo la kurejesha data kwa pariti lilikuwa na watangulizi, kwani Norman Ken Ouchi wa IBM alikwisha kupata hataza yake mwaka 1978. Mchango mkubwa wa Berkeley ulikuwa kuyapanga mawazo hayo katika ngazi tano, kuanzia ile ya kwanza, ambayo kila diski ina pacha wake, hadi ya tano, ambayo pariti husambazwa katika diski zote ili isiwepo moja inayolemewa na kila uandishi.

Kazi yote hiyo husimamiwa na kidhibiti, kifaa kinachokaa kati ya kompyuta na diski, kikigawa vipande, kukokotoa pariti na kutambua diski iliyokufa. Mzigo wake si mdogo: katika ngazi ya tano, kubadilisha kipande kimoja kidogo hudai kusoma data na pariti za zamani, kisha kuandika mpya zote mbili, yaani hatua nne badala ya moja. Umeme ukikatika kati ya maandishi hayo mawili, pariti huacha kulingana na data, na ndiyo sababu vidhibiti vingi vizuri hupewa betri ya kulinda kumbukumbu yao ya muda.

Hata hivyo, safu hulinda dhidi ya kufa kwa diski tu. Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya hufutika katika safu nzima papo hapo, na moto ukizuka huteketeza diski zote pamoja. Kwa hiyo ofisi yenye safu, hata iliyo bora kabisa, bado inapaswa kuweka nakala ya data zake mahali pengine.