Kuchagua opsioni kiisha mwaka wa nane: fakulte inaanza hapo

Hapa Goma wazazi wengi wanaanza kufikiri juu ya chuo kikuu siku matokeo ya Exetat inatoka. Hapo mumeshachelewa. Njia ya fakulte inachaguliwa miaka ine kabla, wakati mtoto anamaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi na kuingia umanite. Kuna mtihani wa TENASOSP wa kusaidia kumuelekeza, lakini katika nyumba nyingi kinachoamua ni minervali na umbali wa shule. Mtoto wa Mugunga anasoma Pedagojia juu njo opsioni iko karibu.

Kisheria, diploma ya serikali ya opsioni yoyote inafungua mlango wa elimu ya juu. Ndiyo maana watu wanasema “diploma ni diploma”. Lakini aliyesoma Komesiali akiingia Udaktari, atakuta kemia ya mwaka wa kwanza inaanza pale wenzake wa sayansi waliishia, na profesa hatarudi nyuma juu yake. Tena fakulte nyingi zinaangalia asilimia, na zingine zinaweka mtihani wao wa kuingia.

Mwenye kutaka Udaktari, uuguzi kule ISTM, ao kilimo, sayansi njo njia yake. Uinjinia pia unaomba sayansi. Ujenzi na Umeme zinafika huko pia, ila mtoto ajitayarishe kwa hesabu za nadharia. Komesiali inapeleka vizuri ISC na Uchumi. Kwa Sheria, iwe UNIGOM ao ULPGL, Latini-Filozofia ni njia ya zamani, lakini opsioni si kitu sana: kinachoangusha wanafunzi ni Kifaransa.

Pedagojia watu wanaidharau bure. Mwenye diploma hiyo anaweza kufundisha shule ya msingi mara moja, na kama pesa ya fakulte haijapatikana, ako na kazi ya kuanzia. (Mshahara wa serikali ni habari ingine, walimu wapya wanaujua.)

Mbele ya kuandikisha, mwende kwa prefe na mumuulize maneno matatu. Opsioni hii imekubaliwa na serikali, ao wanafunzi watapelekwa Exetat kwa jina la shule ingine? Mwalimu wa kemia ao wa hesabu iko, ama nafasi ni wazi tangu mwaka jana? Laboratwari iko na vifaa? Katika Exetat, siku moja kati ya ine ni ya masomo ya opsioni. Mwalimu akikosekana miaka miwili, inaonekana siku ile.

Kubadilisha opsioni inawezekana mwanzoni. Ukifika mwaka wa tatu wa umanite, mara nyingi ni kurudilia darasa.

Na buleti za miaka miwili ya mwisho ziwekwe pamoja na diploma pahali pakavu, ndani ya mfuko mmoja wa kubeba mbio. Vyuo vinaziomba siku ya kuandikisha, na hapa kwetu tunajua namna karatasi zinapotea siku ya kukimbia.