Kesi mbili za Paul Ngei: Kangundo na historia ya majaji wa Kenya

Paul Ngei, aliyeiwakilisha Kangundo bungeni kwa miaka mingi, alisimama mara mbili mbele ya sheria katika mambo ya siasa. Mwaka 1953 alihukumiwa na hakimu aliyekuwa na makubaliano ya siri na serikali. Mwaka 1975 alihukumiwa na mahakama iliyofuata sheria ilivyo, kisha katiba ikabadilishwa ili hukumu ile isimguse. Mtu ni yuleyule, nchi ni ileile. Kati ya kesi hizo mbili unaweza kuisoma karibu historia yote ya majaji wa Kenya: nani huwaajiri, nani huwahamisha, nani huwalipa, na mtu aliyevaa joho hubaki na nafasi kiasi gani ya kuwa yeye mwenyewe.

Kabla ya Waingereza kuweka bendera Machakos, eneo lenye Kangundo, Wakamba waliamua mashauri yao katika nzama, baraza la wazee. Mzee hakuingia humo kwa mvi peke yake. Alipanda daraja kwa kutoa mbuzi na ng'ombe, na kwa jinsi watu walivyouona mwenendo wake. Shauri lilipokuwa gumu, pande mbili zililetwa mbele ya kithitu, chombo cha kiapo, zikaapa, na hofu ya kiapo ikamaliza ambacho mashahidi walishindwa. Kila mtu alijua ukoo wa mwamuzi, urafiki wake na hasira zake, na kwa kuwa shauri lilisikilizwa mbele ya watu, mapungufu hayo yalipimwa hadharani. Upendeleo ulikuwepo, hilo halina shaka. Ila ulikuwa na uso unaojulikana.

Ukoloni uliuficha uso huo. Mkuu wa wilaya alikusanya kodi, akatuma polisi, kisha akaketi kama hakimu kuwahukumu walewale aliowatoza. Mabaraza ya wenyeji yalipewa kesi ndogo, lakini wazee wake walihitaji ridhaa ya serikali. Kesi kubwa zilikwenda kwa majaji wa Kiingereza, na tofauti kati yao na nzama ilijitokeza wazi mwaka 1932, Mahakama Kuu ya enzi hizo ilipowahukumu kifo Wakamba 60 kwa kumuua mwanamke waliyemshuku kuwa mchawi. Kwa washtakiwa, walichotenda kilikuwa king'ole, adhabu ya jumuiya dhidi ya adui wa wote. Kwa majaji, kilikuwa mauaji ya kukusudia. Sitetei kumwagwa kwa damu ya mwanamke yule. Ninachosema ni kwamba wale majaji hawakuwa na namna ya kuuona ulimwengu wa watu waliokuwa kizimbani, na sheria waliyokuja nayo haikuwataka wauone. Gavana ndiye aliyewapunguzia adhabu baadaye, na alifanya hivyo kwa hesabu za utawala.

Hapo ndipo penye mzizi wa kesi ya Kapenguria. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Achieng Oneko na Ngei walikamatwa na kushtakiwa kwa kuendesha Mau Mau. Serikali ilichagua Kapenguria, mji wa mbali usio na hoteli wala maktaba ya sheria, ikamwita Ransley Thacker, jaji mstaafu, awe hakimu. Gavana Evelyn Baring aliwasiliana naye kwa siri. Thacker alilipwa pauni 20,000 nje ya mshahara, fedha nyingi mno kwa wakati ule, kwa maelezo kwamba baada ya hukumu asingeweza kuendelea kuishi Kenya kwa usalama. Aliyepanga malipo hayo alijua hukumu itakuwa ipi. Tarehe 8 Aprili 1953 Thacker aliwafunga wote sita miaka 7 na kazi ngumu.

Ni rahisi kumlaumu Thacker na kuishia hapo. Lakini tazama jinsi mfumo mzima ulivyomzunguka. Mwezi Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu ilisema hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi ile, kwa kuwa alikuwa ameteuliwa kwa jimbo jingine. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikautengua uamuzi huo. Oneko alishinda rufaa yake, na bado akabaki kizuizini. Hata jaji aliyethubutu kuisoma sheria kwa haki hakuweza kufungua mlango wa gereza. Ngei alikaa katika gereza la Lokitaung pamoja na Kenyatta.

Uhuru ulileta majaji wapya polepole, na mashauri ya zamani yakarudi kwa sura mpya. Baada ya uchaguzi wa 1974 mahakama ya uchaguzi ilimpata Ngei na hatia ya kosa la uchaguzi. Maana yake ilikuwa kupoteza kiti na kutogombea kwa miaka 5. Uwezo wa Rais wa kusamehe haukufika kwenye makosa ya namna hiyo. Kenyatta hakuwatisha majaji wala hakuwafukuza. Mwezi Desemba 1975 Bunge liligeuza katiba kwa haraka, Rais akapewa uwezo aliokosa, Ngei akasamehewa. Wako Kangundo waliofurahi, na ninaelewa kwa nini. Kwao alikuwa shujaa wa Kapenguria. Hata hivyo kila jaji nchini aliona kilichotokea: unaweza kuamua vizuri kabisa, na uamuzi wako ukadumu mpaka mkubwa atakapouchukia.

Miaka ya 1980 ilikuwa mibaya zaidi, kwa sababu shinikizo lilihamia kwenye kazi yenyewe ya jaji. Majaji wengi walikuwa wageni wa mkataba, na kuongezewa mkataba kulitegemea serikali. Mwaka 1987 Jaji Derek Schofield aliamuru polisi walete maiti ya mtu aliyefia mikononi mwao. Maiti haikuonekana, na jaji akapewa uhamisho wa kwenda Meru. Akajiuzulu. Mwaka 1988 katiba ikawaondolea majaji wote kinga ya kazi, na haikurudishwa hadi 1990. Katika mazingira hayo Jaji Norbury Dugdale aliamua mwaka 1989 kwamba sura ya haki za binadamu haitekelezeki kwa sababu Jaji Mkuu hajaitungia kanuni. Ombi la Kenneth Matiba la kupinga uchaguzi wa 1992 lilitupwa kwa kuwa hakulitia saini kwa mkono wake, ingawa kiharusi alichokipata kizuizini kilikuwa kimemdhoofisha na mke wake alisaini kwa niaba yake. Mwai Kibaki naye, baada ya uchaguzi wa 1997, aliambiwa kwamba hakumkabidhi Rais Moi karatasi za kesi ana kwa ana. Mwaka 2003 ripoti ya kamati ya Jaji Aaron Ringera iliwataja kwa tuhuma za ufisadi majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufaa na 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu.

Katiba ya 2010 ilibadilisha swali. Majaji sasa wanateuliwa kupitia Tume ya Huduma za Mahakama, wanahojiwa hadharani, na hawaondolewi kwa amri ya simu. Tabia ya mtu ikapata nafasi, nayo ikashangaza wengi. Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kesi mwaka 1982, aliongoza Mahakama ya Juu mwaka 2013. Wengi walimtazamia awe mwanamapinduzi. Majaji 6 kwa kauli moja walilikataa ombi la Raila Odinga la kupinga uchaguzi wa Rais, na hati yake ya kiapo yenye kurasa mamia wakaiondoa kwa kuchelewa. Miaka minne baadaye David Maraga, Msabato mtulivu aliyeiambia tume kwamba hawezi kuketi kortini Jumamosi, aliongoza wanne dhidi ya wawili kuufuta uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba 2017. Anayedhani wasifu wa jaji unatabiri hukumu yake aziweke kesi hizi mbili mezani. Dini, umri na mateso ya zamani vina uzito, lakini unaelekea wapi huonekana pale tu jaji anapokuwa na uhakika kwamba kesho bado ni jaji.

Uhakika huo bado haujakamilika. George Odunga alikuwa jaji wa Mahakama Kuu mjini Machakos, ambako rufaa za korti ya Kangundo huenda, tume ilipompendekeza kwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2019. Mwezi Mei 2021 alikuwa mmoja wa majaji 5 waliosimamisha BBI, mpango wa kuibadilisha katiba. Mwezi uliofuata Rais Uhuru Kenyatta aliwateua majaji 34 kwenye orodha ya tume na kuwaacha 6, Odunga akiwamo. Rais aliweza kumcheleweshea cheo. Kumwondoa kazini hakuweza. Odunga aliendelea kuandika hukumu Machakos, na Mei 2022 aliamua kwamba vifungo vya chini vya lazima katika Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 vinawanyima mahakimu uwezo wa kumpima kila mshtakiwa. Aliapishwa kwenda Mahakama ya Rufaa Septemba 2022, chini ya Rais mwingine.

Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema katika kesi nyingine kwamba vifungo hivyo bado ni sheria, na kwamba havifutwi bila swali hilo kuletwa kortini kwa utaratibu wake. Kwa hiyo hakimu wa Kangundo anayemtia mtu hatiani kwa kumnajisi mtoto wa miaka 13 ana miaka 20 kama kiwango cha chini, hata akiwa na mawazo gani juu ya aliyesimama kizimbani.