Bagamoyo, Mji wa Misafara

Bagamoyo ni mji mdogo wa pwani ya Tanzania, kaskazini ya Dar es Salaam, unaotazamana na Unguja. Kabla yake palikuwa na Kaole, kilomita chache kusini, ambako magofu ya misikiti na makaburi ya minara yaliyojengwa kwa matumbawe yangali yamesimama.

Kilichoukuza mji huu katika karne ya 19 ni pembe za ndovu. Pembe zilivushwa kwa majahazi, na jahazi halikuhitaji gati: liliingia maji yakijaa, likakaa mchangani yakipwa, na wachukuzi wakapakia na kupakua kwa miguu. Ufuko wa maji machache ulitosha kabisa, na soko la Unguja lilikuwa ng'ambo tu. Ndiyo maana misafara kutoka bara, Unyanyembe na Ujiji, iliishia hapo.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na safari ilichukua miezi. Kurudi bara walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kwa kijana wa Unyamwezi, kufika pwani kulikuwa kipimo cha utu uzima. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na ukatili huo haufai kufunikwa. Lakini kumhesabu kila mpagazi kuwa mtumwa, kama wasimulizi wengi wafanyavyo, ni kuwapokonya Wanyamwezi sifa ya kazi yao.

Mwaka 1868 mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Hapo ndipo Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mpelelezi David Livingstone, walipoufikisha mwili wake Februari 1874, baada ya kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipojitwalia pwani, watu waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na Bagamoyo ukawa uwanja wa vita. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani walikuwa wameufanya Bagamoyo makao yao makuu, lakini meli za moshi zilihitaji kina, na Dar es Salaam ilikuwa nacho. Mwaka 1891 makao yakahamishiwa huko. Reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Kazi ya mpagazi ikaisha, na biashara ya mji ikaisha nayo.

Kwa kukosa fedha za kujenga upya, Bagamoyo ulibaki na nyumba zake za zamani: milango ya nakshi, vibaraza, kuta za matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Nyingi zimeanza kuporomoka. Saruji huzuia unyevu ndani ya kuta hizo na kuziozesha upesi zaidi, kwa hiyo anayezikarabati na atumie chokaa, kama waliozijenga.