Mavazi ya Wageni katika Harusi za Kihindu

Katika harusi za Kihindu za kaskazini na magharibi mwa India, mgeni huchagua nguo kwa kuzingatia kwanza asichopaswa kuvaa: nyeupe tupu, kwa kuwa ni nguo ya msiba na kwa karne nyingi ilikuwa vazi la mjane, nyeusi, ambayo huhesabiwa kuwa na nuksi, na nyekundu iliyokolea, ambayo huachiwa bibi harusi. Miiko hiyo ni ya zamani, lakini mavazi mengi yanayovaliwa kwa kuifuata, ingawa watu huyadhania kuwa ya kale vilevile, yalipata umbo lake la sasa katika karne ya 19.

Sari yenyewe, yaani kitambaa kirefu kisichoshonwa, ni ya kale mno. Ila mtindo wa kuivaa juu ya blauzi na gagulo, marinda yakiwa mbele na ncha ikiangukia bega la kushoto, ulipata nguvu baada ya Jnanadanandini Devi, mwanamke wa Kibengali na mke wa Satyendranath Tagore, kufika Bombay katika miaka ya 1860, akajifunza kwa wanawake wa Kiparsi, ambao ni Wazoroasta wenye asili ya Uajemi, kisha akaupeleka kwao Bengali. Huko wanawake wa nyumba za heshima walizoea kuvaa sari bila blauzi, vazi lililowatosha ndani lakini lisilowaruhusu kutokea hadharani, hivyo badiliko hilo liliwafungulia mlango wa kuhudhuria shughuli za watu, jambo kubwa kuliko urembo wowote. Kwa upande wa wanaume, sherwani, koti refu lenye kola iliyosimama, lilizaliwa karne hiyohiyo miongoni mwa Waislamu wenye hadhi wa kaskazini, likichanganya joho la kienyeji na koti la Kiingereza, na leo huvaliwa na watu wa dini zote.

Gujarat, magharibi mwa India, ndiko inakoonekana vizuri zaidi kwamba rangi haihukumiwi peke yake. Bibi harusi wa huko huvaa panetar, sari ya hariri nyeupe yenye pindo jekundu anayopewa na mjomba wake, kisha hufunikwa gharchola, nguo nyekundu kutoka kwa wakwe, iliyogawanywa miraba kwa nyuzi za zari na kupambwa kwa bandhani, ufundi wa kufunga vifundo vidogo vidogo kwa uzi kabla ya kutia rangi ili kila kifundo kiache nukta. Nguo hizo zilivuka bahari na familia za Kigujarati zilizohamia Unguja na Mombasa. Huko Kerala, kusini kabisa, nyeupe si mwiko hata kidogo: wageni, wanawake kwa wanaume, huhudhuria harusi wakiwa wamevaa pamba nyeupe isiyotiwa rangi, yenye pindo la zari ya dhahabu, na hakuna anayeiona kuwa ya matanga.