Bima ya Afya kwa Wasio na Bima: Eldas na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Mjadala wa bima ya afya inayolipiwa na serikali kwa wasio na bima umekuwa mrefu kote Kenya, lakini huko Eldas una sura yake. Eldas ni eneo bunge la Kaunti ya Wajir, kaskazini-magharibi mwa mji wa Wajir, lenye wadi nne: Eldas, Della, Elnur/Tula Tula na Lakoley Kusini/Basir. Wakazi wake wengi ni Wasomali wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wenye mshahara ni wachache: walimu, wauguzi, machifu, askari na wafanyakazi wa kaunti. Bima ya taifa, tangu mwanzo wake, ilisimamishwa juu ya mshahara, na hapo ndipo mzozo ulipoanzia.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF, uliundwa mwaka 1966 kwa ajili ya waajiriwa. Mwaka 1972 wasioajiriwa waliruhusiwa kujiunga kwa hiari. Mchango wao ulibaki shilingi 160 kwa mwezi kwa miaka mingi, hadi Aprili 2015 ulipopanda kuwa shilingi 500, na aliyechelewa kulipa alitozwa faini. Familia inayofuata malisho haina mwisho wa mwezi: hupata fedha inapouza mnyama, na huuza inapobanwa au mvua inapoinenepesha mifugo. Ndiyo maana kaunti za Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, mara nyingi zilikuwa mkiani takwimu za wanachama wa bima zilipotolewa.

Mwaka 2004 Waziri wa Afya Charity Ngilu alipeleka bungeni mswada wa bima ya jamii kwa Wakenya wote, ambapo serikali ingewalipia maskini. Bunge likaupitisha, Rais Mwai Kibaki hakuutia saini, hoja kubwa ikiwa gharama. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kiliifanya afya kuwa haki, Juni 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa, na mwishoni mwa 2018 Isiolo ikawa mojawapo ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, ikiziwakilisha jamii za wafugaji. Majaribio hayo hayakufika Wajir.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyotiwa saini na Rais William Ruto tarehe 19 Oktoba 2023, ndiyo iliyouleta mjadala hadi mlangoni mwa kila kaya. Mamlaka mpya ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, baada ya Mahakama Kuu kuibatilisha sheria hiyo mwezi Julai na Mahakama ya Rufani kuisimamisha hukumu hiyo. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hukadiriwa kipato cha kaya yake, kisha hutakiwa kulipa asilimia hiyo hiyo, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na huilipa ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja.

Kaya hukadiriwa kwa maswali: ukuta na paa la nyumba ni la nini, choo ni cha aina gani, maji na nishati ya kupikia hutoka wapi, watu wangapi wanaishi pamoja. Maswali hayo yalitungwa kwa nyumba isiyosogea. Malishoni Eldas familia huishi katika aqali, nyumba ya fito na mikeka ambayo wanawake huibomoa na kuipakia ngamia siku ya kuhama. Mwenye ngamia thelathini na asiye na hata mbuzi wanaweza kulala chini ya mikeka ileile. Tena utajiri wa ngamia thelathini ni wa msimu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika kaunti kame za Kenya. Mtu ambaye angekadiriwa kuwa na uwezo kabla ya kiangazi hicho angeweza kukimaliza akiwa mikono mitupu, huku hesabu aliyopangiwa ikimngoja.

Kiwango cha chini nacho si kidogo. Shilingi 300 kwa mwezi ni 3,600 kwa mwaka. Mpango wa serikali wa kukabiliana na njaa, HSNP, ulizilipa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera shilingi 2,700 kwa mwezi. Kaya yenye kutegemea fedha hizo ingetoa zaidi ya msaada wa mwezi mzima, kwa mara moja, ili iwe na bima. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ulioanza 2025, hurahisisha ulipaji tu. Deni hubaki palepale. Hatua yenye uzito zaidi ni ya Oktoba 2025, serikali ilipozindua mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza.

Wanaopinga malipo ya serikali wana hoja zinazostahili jibu. Mwalimu wa Wajir anayekatwa asilimia 2.75 huuliza kwa nini jirani yake mwenye mifugo mingi asilipe chochote. Hazina ya taifa imebanwa na madeni. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, iliyotoka Machi 2025, ilionyesha kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA wa takriban shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi na serikali. Fedha zinazokwenda huko, husema wakosoaji, zingewalipia maskini wengi. Wapo pia wanaoichukia bima kwa sababu za dini, kwa kuiona ina riba na kamari. Kwa hili Wajir imekwisha kupata njia: takaful, ambayo washiriki huchangiana hatari badala ya kuihamishia kampuni, ilikubalika hapa kupitia mifugo.

Historia ya bima ya mifugo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inashangaza kwamba haitajwi mara kwa mara. Bima hiyo, iliyobuniwa na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ilianza Marsabit mwaka 2010, ikaingia Wajir kwa njia ya takaful, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir wakalipwa fidia yao ya kwanza. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, KLIP, katika Wajir na Turkana. Ililipa mchango wote wa kaya zilizochaguliwa kwa vizio 5 vya mifugo, sawa na ng'ombe 5 au mbuzi 50. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango, fedha zilitumwa ili mfugaji anunue lishe kabla mnyama hajafa. Fidia haikutegemea choo wala paa la mtu. Katika kaunti hii, basi, serikali imewahi kumlipia ng'ombe mchango wote wa bima. Katika mradi wa DRIVE uliofuata, mfugaji huchangia sehemu na serikali hufidia nyingine. Hakuna sababu ya kiufundi ya kuzuia michango ya afya isifuate kipimo hichohicho: mwaka wa mvua kaya ichangie, mwaka wa ukame serikali ilipe bila kusubiri maombi. HSNP ilikwisha kuziandikisha karibu kaya zote za kaunti zake nne na kuzifungulia akaunti za benki, na tathmini yake ilionyesha jinsi ilivyo vigumu kumtenga maskini na asiye maskini kwa maswali.

Mpaka sasa bima halisi ya wengi ni qaaraan, mchango wa ukoo. Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Eldas kwenda Wajir, Garissa au Nairobi, jamaa huchangishana kwa simu, pamoja na walioko ng'ambo. Ukoo wenye ndugu wafanyabiashara hulipa bili kwa siku moja. Ukoo uliofilisiwa na ukame huuza kilichobaki. Msaada huu una heshima kubwa, lakini hudhoofika wakati wote wanapougua au kufilisika pamoja.

Hata aliyelipiwa huhitaji zahanati iliyo wazi. Huduma za ngazi ya 2 na ya 3 ni bure chini ya Mfuko wa Afya ya Msingi, ila wahudumu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka Kaskazini Mashariki baada ya mashambulizi ya Mandera ya mwaka 2014. Na kabla ya zahanati kuna kitambulisho, kwa kuwa mtu mzima hujisajili SHA kwa namba yake. Kwa miongo mingi Wasomali wa Kenya walipitishwa kwenye kamati za mchujo kabla ya kukipata, na maelfu waliokuwa wamejiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab, wakitafuta chakula na matibabu, walinyimwa kwa sababu alama zao za vidole zilikuwa kwenye orodha ya wakimbizi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kufutwa kwa mchujo huo.