Makumbusho ya Wasorbi, Bautzen

Makumbusho ya Wasorbi (kwa Kisorbi: Serbski muzej) yako katika ngome ya Ortenburg mjini Bautzen, mashariki mwa Ujerumani. Yanahifadhi historia, lugha, sanaa na mavazi ya Wasorbi, watu wachache wa asili ya Kislavi wanaoishi eneo la Lausitz, katika majimbo ya Sachsen na Brandenburg.

Mkusanyo wa awali uliwekwa katika Nyumba ya Wasorbi iliyofunguliwa Bautzen mwaka 1904. Utawala wa Wanazi ulipiga marufuku Domowina, umoja wa jumuiya za Wasorbi, mwaka 1937, na nyumba hiyo ikaangamizwa mwaka 1945. Kuwepo kwa makumbusho haya leo, basi, si jambo dogo.

Hazina yake kubwa ni mavazi. Kila eneo lina mtindo wake, na mjuzi akiitazama nguo hutambua mvaaji ametoka wapi, ni wa dhehebu gani, na kama ameolewa au yuko msibani. Kwa wanawake wa sehemu kadhaa, rangi ya msiba mzito ilikuwa nyeupe. Lenye fahari zaidi ni vazi la msimamizi wa bibi harusi wa Kikatoliki: kofia ndefu ya mahameli meusi, na kifua kilichojaa mikufu ya shanga na sarafu. Wasichana hulivaa hadi leo katika maandamano ya sikukuu ya Ekaristi.

Yamo pia mayai ya Pasaka, yaliyochorwa kwa nta kwa ncha ya unyoya wa bata bukini kabla ya kutiwa rangi.